Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya reli ya Voi hadi Taveta

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya reli ya zamani, ardhi ya reli na turathi za taifa,

MINTARAFU: STESHENI NDOGO KATI YA MWATATE NA TAVETA, NA BARUA SITA AMBAZO HAZIJAJIBIWA

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu. Marehemu baba yangu alikuwa mnyapara wa gangi, yaani kikosi cha vibarua wa kutunza njia, katika njia ya reli inayotoka Voi kwenda Taveta, na nyumba niliyozaliwa ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye jukwaa la stesheni.

Kwa muda wa miaka minne nimewaandikia barua sita. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa nikiona. Mbili nilizituma kwa rejista, na risiti za posta ninazo. Afisi ya kwanza iliniambia kwamba majengo ni ya afisi ya pili. Afisi ya pili ikasema ardhi inashughulikiwa na ya tatu. Ya tatu ikanielekeza, kwa upole kabisa, nirudi kule nilikoanzia. Nimekaa kwenye mabenchi yenu toka asubuhi hadi saa za chakula, nikaambiwa nije wiki ijayo, nikaja. Hakuna aliyenivunjia heshima, na kwa hilo nawashukuru. Lakini hakuna pia aliyenijibu, na wakati huohuo kitu ninachokililia kinazidi kupungua. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu wote.

Jina la stesheni sitalitaja hapa. Mnalo katika barua zote sita. Silitaji kwa sababu barua hii itasomwa na kila mtu, wakiwemo wenye malori yanayokuja usiku kununua vyuma, na sitaki kuwa mimi niliyewaonyesha mahali ambapo bado kuna kitu cha kuchukua.

Mmoja wa maafisa wenu, kijana mwenye adabu, aliniuliza kwa nia njema: "Mwalimu, kwani Taveta kuna reli?" Swali hilo halikuniudhi. Lilinifunza kwamba lazima nianze na historia, kwa sababu anayelinda kitu asichokijua hawezi kukilinda.

Reli ya Taveta haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa kwa ajili ya vita, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Tanzania bara ya leo, yalivuka mpaka yakaiteka Taveta, kisha yakajichimbia mahandaki katika kilima cha Salaita. Kutoka hapo hadi reli kuu ya Mombasa ni nyika kavu ya kilomita mia hivi, na doria zao zilikuwa zikipenya vichakani usiku kwenda kutega baruti chini ya reli. Waingereza wakaona hawana njia ila kutoa tawi Voi na kulielekeza magharibi. Kazi ilianza mapema 1915. Walioilaza njia walikuwa hasa wanajeshi wa reli kutoka India pamoja na vibarua, na kufikia katikati ya mwaka huo chuma kilikuwa kimefika Maktau.

Maktau hakuna mto, na garimoshi halitembei bila maji. Kwa hiyo maji yalivutwa kwa bomba kutoka milima ya Bura. Nawaomba mlitafakari jambo hili mnapopita kwenye barabara mpya ya lami, vioo vya gari vimefungwa. Kila mkebe wa maji uliochemshwa kwenye kichwa cha treni, na kila kikombe alichokunywa askari au mpagazi, kilitoka juu kwenye milima ile ya Wataita.

Tarehe 14 Julai 1915 Waingereza walijaribu kuitwaa Mbuyuni wakashindwa. Tarehe 3 Septemba mwaka huohuo, karibu na Maktau, luteni mmoja mzaliwa wa Australia, Wilbur Dartnell, alijeruhiwa mguuni, akakataa kubebwa awaache majeruhi wenzake. Aliuawa palepale, akapewa Nishani ya Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, baada ya kufa. Mbuyuni ilitwaliwa Januari 1916. Februari 12 wanajeshi wa Afrika Kusini, wageni kabisa wa nyika hii, waliushambulia Salaita wakarudishwa nyuma kwa hasara kubwa, na waliosimama imara ili wenzao hao wasiangamizwe zaidi walikuwa askari wa Kibaluchi kutoka India. Machi ikaja vita ya vilima vya Latema na Reata, Taveta ikarudi mikononi mwa Waingereza, na reli ikafuata nyuma ya jeshi hadi ikaungana huko Kahe na njia ya Wajerumani ya kutoka Tanga kwenda Moshi. Njia hiyo ya Wajerumani ilikuwa imefika Moshi tangu 1911. Kwa hiyo reli mbili za maadui wawili zikawa reli moja, na stesheni yetu ikawa katikati.

Hayo yameandikwa vitabuni. Kuna mengine ambayo kwetu yanasemwa zaidi kuliko yanavyoandikwa. Watu wa Kasighau, majirani zetu, walishukiwa mwaka 1915 kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wakahamishwa wote, wazee kwa watoto, wakapelekwa Malindi, na wengi wakafia huko. Waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kuiona tena milima yao. Kuna pia wapagazi. Kule Nairobi kuna mtaa wa Kariakor, Dar es Salaam kuna Kariakoo, na majina yote mawili yametokana na kikosi cha wapagazi cha vita ile, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Watu wanayataja majina hayo kila siku wakienda sokoni. Mahali wapagazi wenyewe walipopita na mizigo vichwani, mahali treni iliposhusha magunia na wao wakayapokea, ni huku. Ni kwenye vituo hivi vidogo ambavyo leo mbuzi wanalala ndani yake.

Vita ilipokwisha reli ilipata kazi ya amani. Kahawa ya Kilimanjaro ilipita hapa ikielekea bandari ya Mombasa. Makonge ya Mwatate na Taveta yalipita hapa. Mimi niliikuta katika umri wake wa makamo, miaka ya sitini, wakati ambapo siku ya treni ilikuwa kama siku ya soko. Akina mama walikuja na mikungu ya ndizi, vikapu vya mahindi na kuku waliofungwa miguu. Kengele ya stesheni ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye tawi la mwarobaini, nayo iligongwa kwa bolti kuukuu. Mlio wake ulisikika hadi darasani, na mwalimu wetu alikuwa akisubiri ukome ndipo aendelee na hesabu.

Kila asubuhi baba aliikagua sehemu yake ya njia kwa miguu, spana begani, nyundo ya mpini mrefu mkononi, bendera ya kijani na nyekundu zimekunjwa kwapani. Siku za likizo alinichukua. Aligonga bolti moja moja kwenye viungo vya reli, akaniambia nisikilize. "Iliyokaza huitika," alisema. "Iliyolegea hukohoa." Akisikia iliyokohoa, alipiga magoti kwenye kokoto akaikaza, akaigonga tena mpaka iitike. Alifanya hivyo miaka ishirini na saba.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Shirika la reli lililokuwa la nchi tatu likagawanywa. Reli iliyozaliwa kwa vita ikawa imefika ukingoni mwa nchi bila kuweza kuvuka. Mpaka ulifunguliwa tena 1983, lakini njia yetu haikurudi kuwa ile ya zamani. Treni zilipungua, halafu zikawa za kubahatisha, halafu majani yakaota katikati ya mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli kuishikilia.

Sasa nayataja malalamiko yangu.

1. Jengo linabomolewa kipande kwa kipande. Nilipoandika barua ya kwanza stesheni ilikuwa na paa zima, milango mitatu na dirisha la tikiti. Leo mabati yamebaki upande mmoja tu. Milango haipo. Dirisha la tikiti liling'olewa Ijumaa moja mchana kweupe, watu wakienda msikitini na wengine sokoni. Kizingiti chake kilikuwa cha mbao ngumu, na katikati kilikuwa kimelika kidogo, kimekuwa laini kama sabuni, kwa sababu ya viwiko vya watu walioegemea pale kulipa nauli kwa zaidi ya miaka hamsini. Mama yangu aliegemea pale. Nilimweleza chifu siku hiyohiyo, naye alikuja, akaandika, akasema mali ile si ya kwake kuilinda bila amri kutoka kwenu. Sikumlaumu. Nilikuja kwenu kuitafuta amri hiyo, na bado naitafuta.

Ubao wa jina la stesheni bado umesimama, ingawa umeinama. Unaonyesha umbali kutoka Mombasa na mwinuko kutoka usawa wa bahari, kama stesheni zote za zamani. Herufi mbili zimekwisha kubanduliwa.

2. Reli yenyewe inachimbwa na kuuzwa. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Katika njia zetu mataruma mengi ni ya chuma, kwa sababu mchwa wa nyika hii wangeyamaliza ya mbao. Taruma moja la chuma ni mzigo wa watu wawili. Wanakuja na vyuma vya kung'olea, wanafungua vibanio, wanapakia, na kabla ya adhuhuri tayari yamefika kwenye mizani ya mnunuzi. Mengine hayaendi mbali: nimeyaona yamekuwa miimo ya malango, madaraja ya mitaro, hata nguzo za banda la ng'ombe. Mwanakijiji aliyeokota taruma moja lililolegea akatengenezea lango simwiti mwizi wa taifa. Namzungumzia mwenye lori.

Juu ya ubavu wa kila pau la reli mtengenezaji aliandika jina la kiwanda na mwaka, kwa herufi zilizoinuka kwenye chuma. Ukipitisha kidole unazisoma hata kukiwa na giza. Baba alinifundisha tarakimu kwa kuzigusa hizo kabla sijaingia darasa la kwanza. Pau hizo ndizo vitabu vya kumbukumbu vilivyobaki, kwa kuwa kila moja inaeleza chuma hiki kiliyeyushwa lini na wapi. Zikipelekwa kwenye tanuri zinakuwa nondo za ghorofa, na habari hiyo haipatikani tena popote.

Sheria ipo. Sheria ya Vyuma Chakavu ni ya mwaka 2015. Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchi nzima baada ya nguzo za umeme kuanguka na taifa kukaa gizani, na kufikia Mei ikairuhusu tena chini ya masharti. Kwa hiyo nguvu ya kuzuia mnayo, na mmeshaonyesha kwamba mkitaka inafanya kazi haraka. Naomba nguvu hiyo ielekezwe na huku.

3. Vigingi vya mpaka vimeanza kupandwa kwenye ardhi ya reli. Mwaka jana niliona vinne, vya saruji, vyenye rangi mpya, kati ya jukwaa na mahali palipokuwa na tangi la maji. Hakuna baraza lililoitishwa. Hakuna tangazo lililobandikwa kwa chifu wala shuleni. Niliwauliza vijana waliokuwa na mnyororo wa kupimia, wakasema wametumwa. Na nani, hawakusema. Nimewatumia picha na vipimo nilivyopima mwenyewe kwa kamba. Ardhi ya reli ni ardhi ya umma, na anayeigawa anapaswa kufanya hivyo hadharani, kwa sahihi yake.

4. Karatasi hazijulikani zilipo. Stesheni ilikuwa na daftari la treni zinazoingia na kutoka, daftari la mizigo, daftari la ajali, na lile la gangi ambamo jina la kila kibarua liliandikwa pamoja na siku alizofanya kazi. Stesheni masta wa mwisho aliyafunga madaftari hayo kwa kamba ya katani akayaweka kwenye sanduku. Sanduku hilo lilichukuliwa na gari la kazi. Lilikwenda wapi? Nimeuliza katika barua ya pili, ya tatu na ya tano. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huku kwetu ni daftari lenyewe lililopotea. Wapo wazee na wajane wasioweza kuthibitisha kwamba waume zao waliwahi kufanya kazi ya reli hata siku moja, ilhali tuliwaona wakienda na kurudi wamepaka grisi hadi kwenye nyusi.

5. Makaburi. Askari waliokufa katika vita ile wana makaburi yao huko Voi, Maktau na Taveta, yaliyopangwa mstari, yenye majina, yanayofagiliwa na kupaliliwa mpaka leo. Luteni Dartnell amelala Voi. Nimeyatembelea na wanafunzi wangu mara nyingi, na nimefurahi kila mara kuona mtu aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita bado ana mtunzaji. Lakini nyuma ya kambi ya gangi kwenye stesheni yetu kuna mafungu kumi na moja ya mawe. Ni watu wa reli na watoto wao, waliokufa kwa homa, na mmoja aliyegongwa na toroli. Kigingi kimoja kati ya vile vinne kimepandwa hatua sita kutoka hapo.

Waheshimiwa, nimekaa kwenye mabenchi yenu vya kutosha kuyajua majibu ninayoweza kupewa. Naomba niyatangulie.

Mtasema hakuna pesa. Sijawaomba mjenge upya njia yote. Lakini hata hilo si ndoto. Majirani zetu Watanzania walikuwa na njia iliyolala miaka mingi vilevile, ileile ya Tanga na Moshi tuliyoungana nayo Kahe. Mwaka 2019 treni zikarudi Moshi, na 2020 zikafika Arusha. Hapa kwetu Kenya, njia ya Nanyuki iliyokuwa imemezwa na nyasi ilifufuliwa, na treni ya abiria ikarudi 2020. Reli ya geji ya mita iliyochakaa inaweza kuamshwa, imeshaamshwa pande zote mbili za mpaka. Ninachoomba mimi ni kidogo kuliko hicho: mlinzi, ua, mabati machache na sahihi ya mtu mwenye mamlaka.

Mtasema njia hii ina mipango, kwa hiyo haiwezi kuguswa. Nimeambiwa hivyo kwenye afisi moja, na kwenye afisi nyingine nikaambiwa imekufa kabisa, kwa hiyo haina haja ya kuguswa. Majibu hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja, lakini yote mawili yana matokeo mamoja: hakuna anayefanya kitu. Kama kuna mpango, basi ni sababu zaidi ya kuzuia reli isiuzwe kwa kilo. Kama hakuna, semeni, ili wenyeji tujue tuna nini mikononi.

Mtasema kuna reli mpya. Kweli ipo, tangu 2017, na mimi mwenyewe nimeipanda kutoka Voi kwenda Mombasa, nikafurahi nayo. Haipiti Mwatate. Haipiti Maktau. Na hata ingepita, mtu hamzalii mtoto mdogo ili amtupe mzee.

Halafu kuna jibu la nne, ambalo hamjaliandika popote lakini nimelisikia likisemwa kwa sauti ya chini: kwamba haya ni mambo ya wakoloni, yaache yaoze. Hili nalijibu kwa uzito, kwa sababu anayelisema mara nyingi ana uchungu wa haki. Ni kweli reli hii iliamriwa na Waingereza, kwa vita ya Wazungu, kwenye ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Lakini nani aliyebeba? Nani aliyechimba? Maji yalitoka milima ya nani? Ni akina nani waliopelekwa Malindi wakafia huko kwa sababu ya hofu iliyozunguka reli hizi? Katikati ya Nairobi kuna sanamu za askari na wapagazi, na maandishi chini yake yanawaahidi kwamba watoto wao watalikumbuka jina lao. Majina ya vibarua wa reli nayo yalikuwa kwenye madaftari ya vituo kama hiki. Ukiacha stesheni ioze, mkoloni hapotezi kitu. Picha zake na ripoti zake ziko salama kwenye maktaba za London. Anayepoteza ni mjukuu wa mpagazi, ambaye hana kingine cha kuonyesha.

Baba yangu hakuwa mkoloni. Alikuwa mwanamume wa Kitaita aliyekaza bolti ili treni ya watu isianguke.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba, nami nayaomba kwa heshima:

Kwanza, ndani ya mwezi mmoja mtume watu wawili, mmoja wa reli na mmoja wa turathi, waje waikague stesheni wakiwa na chifu na wazee wa kijiji, na ripoti yao isomwe kwenye baraza.

Pili, vigingi vile vinne vielezwe ni vya nani na vimewekwa kwa idhini ipi. Kama havina idhini, ving'olewe mbele ya watu. Na ardhi ya jukwaa, ya kambi ya gangi na ya makaburi isigawiwe mtu yeyote.

Tatu, Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inatoa njia ya kutangaza mahali kuwa kumbukumbu ya taifa inayolindwa katika gazeti rasmi la Serikali. Tumieni njia hiyo kwa stesheni za Voi hadi Taveta zote, si yetu peke yake. Kuna mbuyu kwenye nyika hii ambao wageni hushukishwa kwenye magari wauone, kwa sababu ya matundu ya risasi na ile hadithi ya mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake akiwalenga askari. Ukweli wa hadithi hiyo si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba mgeni anayelipa kuuona mti angesimama pia kuiona stesheni, na kijana wa kijiji angepata riziki ya halali kumweleza, badala ya kupata mia mbili ya kubeba taruma usiku.

Nne, sanduku la madaftari litafutwe. Likipatikana, nakala ziwekwe mahali ambapo mjane wa mfanyakazi wa reli anaweza kuingia, akauliza jina, akaonyeshwa.

Tano, nijibiwe kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa afisa siku 21 kuamua ombi. Barua yangu ya kwanza imezidisha muda huo mara nyingi sana. Naihesabu barua hii kuwa ombi jipya, na siku zinaanza kuhesabiwa leo.

Sisi wenyeji hatujakaa tu tukilalamika. Wazee wanane na vijana kadhaa wa shule ya sekondari tumekuwa tukifyeka majani kwenye jukwaa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kipande cha reli kilichokuwa kengele tumekishusha kutoka kwenye mwarobaini na kukihifadhi, kwa sababu kilikuwa kitaondoka wiki hiyo. Tumeandika tarehe na majina ya walioshuhudia. Tumehesabu mataruma yaliyobaki kutoka jukwaani hadi kwenye daraja dogo la mashariki, na hesabu hiyo imeambatishwa kwenye nakala ya barua hii iliyoletwa afisini kwenu. Tutahesabu tena mwezi ujao.

Nina jambo moja la mwisho la kuwaeleza. Baba alipostaafu, stesheni masta alikuwa ameshahamishwa, na hakukuwa na mtu wa kupokea ufunguo wa chumba cha tikiti. Aliandika barua akiomba aje mtu aupokee. Hakuja mtu. Aliuhifadhi kwenye kopo la chai mpaka alipofariki, na kabla ya kufariki alinipa mimi, akaniambia si wetu. Ninao. Ni ufunguo mrefu wa chuma, na nambari iliyochongwa kwenye shingo yake bado inasomeka. Mlango wake haupo tena, lakini ufunguo ni mali ya umma na umekuwa nyumbani kwetu muda mrefu kuliko inavyostahili. Atakayekuja kuikagua stesheni na aje na kitabu cha kupokelea mali. Nitaukabidhi, naye atatia sahihi.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu mstaafu, binti wa mnyapara wa gangi,
njia ya Voi hadi Taveta

Nakala: Chifu wa lokesheni, wazee wa kijiji, mwalimu mkuu wa shule ya sekondari